Kumtengeneza Mtu Asiye na Kasoro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kubadili Jeni za Binadamu

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu huuliza kila mara inapotangazwa kwamba wanasayansi wamepata njia mpya ya kurekebisha jeni. Majibu hayajaandikwa kwa ajili ya wataalamu, wala hayakusudii kumtisha mtu asiende hospitali. Mwandishi anao msimamo wake na hataki kuuficha: kumtibu mgonjwa ni jambo moja, na kujipa mamlaka ya kuamua binadamu anayekuja awe wa namna gani ni jambo jingine, hata kama kazi zote mbili zinafanywa kwa vifaa vilevile na watu walewale.

Kubadili jeni maana yake ni nini hasa?

Jeni ni sehemu ya DNA (kemikali ya urithi iliyo ndani ya seli) inayobeba maelekezo ambayo mwili huyafuata katika kujijenga na kufanya kazi zake. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza namna ya kutumia CRISPR, mfumo ambao bakteria huutumia kujikinga na virusi, kama mkasi wa kukata DNA mahali palipokusudiwa, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi hiyo. Kabla ya hapo kubadili jeni kuliwezekana, lakini kulichukua muda mrefu na gharama kubwa, na mara nyingi mtafiti hakuwa na uhakika badiliko lingeangukia wapi.

Tofauti ya kushika kabla ya kuendelea ni hii. Daktari anaweza kubadili jeni katika seli za mwili wa mgonjwa, kwa mfano seli za uboho zinazotengeneza damu, na badiliko hilo likaishia kwa mgonjwa huyo, litamfaa au litamdhuru yeye peke yake. Lakini akibadili jeni katika kiinitete, yaani mimba changa kabisa yenye siku chache tangu yai lirutubishwe, badiliko linaweza kuingia katika kila seli ya mtoto atakayezaliwa, zikiwemo zile zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume, na hivyo likarithiwa na wajukuu na vitukuu ambao hakuna aliyewauliza. Hatari nyingi zinazoelezwa hapa zinahusu aina hii ya pili.

Je, kuna mtu aliyewahi kufanya hivyo kwa binadamu?

Yupo. Mwezi Novemba 2018, siku chache kabla ya mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilihili uliofanyika Hong Kong, ilijulikana kwamba He Jiankui, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Shenzhen nchini China, alikuwa amebadili jeni za viinitete, na kwamba mapacha wa kike, waliopewa majina ya kuficha utambulisho ya Lulu na Nana, walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Mtoto wa tatu alizaliwa baadaye. Mtafiti huyo mwenyewe alitangaza habari hizo kwa video, kwa uso wa mtu anayesubiri pongezi.

Jeni aliyoilenga inaitwa CCR5. Ndiyo inayotengeneza mlango ambao aina nyingi za virusi vya UKIMWI hupitia kuingia katika seli za kinga. Baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, huzaliwa na jeni hiyo ikiwa na pengo, na wale walioirithi hivyo kwa baba na mama ni vigumu sana kuambukizwa. He alitaka kuwapa watoto wa Kichina kile ambacho maumbile yaliwapa Wazungu wachache.

Alichokipata si hicho. Mabadiliko aliyoyafanya hayakulingana na lile pengo la asili, kwa hiyo watoto walizaliwa na maumbo ya jeni ambayo hakuna aliyewahi kuyachunguza kwa mtu aliye hai. Na mmoja wa mapacha, kwa matokeo ya mtafiti mwenyewe, alibaki na nakala moja ya jeni hiyo, kati ya mbili ambazo mtu hurithi kwa baba na mama, ambayo haikuguswa, maana yake hata kinga iliyoahidiwa hakuipata. Tena baba zao ndio waliokuwa na virusi, si mama zao, na kuna njia ya kusafisha mbegu za kiume ambayo humwezesha baba mwenye virusi kupata mtoto salama. Mama yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito anajua pia kwamba hata mama mwenye virusi, akitumia dawa vizuri, anaweza kumzaa mtoto asiye navyo. Kwa maneno mengine, watoto walifanyiwa majaribio kwa ajili ya tatizo ambalo tayari lilikuwa na ufumbuzi wake.

Kama jeni hiyo ni mlango wa virusi, kuna ubaya gani kuifunga?

Ubaya ni kwamba mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya virusi. CCR5 huzisaidia seli za kinga kuitana na kukusanyika mahali penye maambukizi, na watu wasio nayo wameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya wakipatwa na virusi vya West Nile, ambavyo huenezwa na mbu na vinaweza kushambulia ubongo. Virusi hivyo vilipewa jina la wilaya ya West Nile nchini Uganda, ambako vilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa. Basi mtu aliyefanywa mkamilifu kwa vipimo vya maabara ya Shenzhen anaweza kuwa dhaifu kuliko jirani yake akihamia mahali penye mbu wa namna hiyo.

Lakini zipo jeni zilizo mbaya kabisa, kama ya selimundu. Kwa nini tusiziondoe zote duniani?

Swali hili ni zito, na anayeliuliza mara nyingi amemwuguza mtoto usiku kucha. Ugonjwa wa selimundu huzigeuza chembechembe nyekundu za damu zikajipinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu, kiharusi na vifo vya utotoni. Nchini Tanzania pekee inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kusema kwamba maumivu hayo ni mapambo ya maumbile.

Hata hivyo, historia ya jeni hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya wanaotaka kuisafisha jamii nzima ya binadamu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akisomea udaktari Uingereza, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba jeni hiyo walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya mtu 1 katika kila 5, ilhali kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Ramani ya jeni ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya kuonyesha kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo, yaani yule ambaye hospitalini huandikiwa AS, hukingwa na malaria. Sehemu moja ya ushahidi wake ilitokana na kuwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 Wajaluo waliojitolea: kati ya 15 wasio na jeni hiyo 14 walipata vimelea, na kati ya 15 walio nayo ni 2 tu. (Inafaa kukumbuka, tunapozungumzia sayansi na mipaka yake, kwamba hata ugunduzi huu mzuri ulipitia katika miili ya watu kwa njia ambayo leo kamati yoyote ya maadili ingeikalia kikao kirefu.)

Kwa hiyo jeni moja inaua na kuokoa. Mtoto aliyerithi nakala mbili anateseka. Ndugu yake mwenye nakala moja anapona malaria ambayo ingemwua. Dada yao asiye nayo kabisa hana selimundu lakini mbu anamwonea. Fikiria kwamba katika miaka ya 1940 angekuwepo mtu mwenye mkasi wa CRISPR na mamlaka ya kutosha, aliyeiona jeni hiyo hospitalini tu, kwa watoto wanaolia. Angeifuta kwa nia njema kabisa, na angewaondolea watu wa pwani na wa kandokando ya ziwa kinga waliyoirithi kwa vizazi vingi, kabla hajatokea mtu wa kumweleza kazi yake.

Wala mfano huu hauko peke yake. Mabadiliko fulani ya jeni ya APOL1, yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, humkinga mtu dhidi ya baadhi ya vimelea vya malale, na papo hapo huongeza hatari ya ugonjwa wa figo. Anayeyaita kasoro amesahau mbung'o.

Je, mnapinga tiba mpya ya jeni ya selimundu?

Hapana. Tiba inayoitwa Casgevy iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo. Madaktari huchukua seli za uboho za mgonjwa mwenyewe, wakazibadili ili mwili urudie kutengeneza ile aina ya himoglobini (kibeba oksijeni kilicho katika damu) aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, kisha wakamrudishia. Badiliko linaishia kwake. Hiyo ni tiba, na anayeipata anastahili kupongezwa.

Malalamiko yetu ni juu ya bei, kwani nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na juu ya ukali wake, kwa sababu kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali za saratani zinazouharibu uboho wa zamani na zinazoweza kumfanya asizae. Wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika, ambako haidroksiurea, kidonge cha miaka mingi na cha bei nafuu, bado hakiwafikii wote. Anayetangaza kwamba sayansi imeushinda ugonjwa huu hajapita zahanati za kwetu.

Mimi na mchumba wangu sote ni AS. Tufanye nini?

Katika kila mimba mnayo nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa, 1 kati ya 4 ya kupata asiye na jeni hiyo kabisa, na 2 kati ya 4 za kupata AS kama ninyi. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza kuugua hakumkingi wa pili. Zungumzeni na daktari au mshauri wa masuala ya kurithi kabla ya ndoa, bila kukimbizana, na mtoto akizaliwa mpimisheni mapema, kwa sababu mtoto anayejulikana mapema na kupewa kinga ya maambukizi na dawa ana nafasi kubwa zaidi ya kukua. Uamuzi wa kuoana au kutooana ni wenu.

Kwa nini ninyi mnaoonya juu ya kubadili jeni kila mara mnamtaja Hitler? Si ilikuwa siasa tu?

Laiti ingekuwa hivyo. Wazo la kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae lilipewa jina lake la Kiingereza, eugenics, mwaka 1883 na Francis Galton, Mwingereza aliyekuwa mwanasayansi mwenye heshima na binamu ya Charles Darwin. Mwaka 1907 jimbo la Indiana nchini Marekani lilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa wapungufu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Carrie Buck, msichana wa Virginia aliyedaiwa kuwa na akili pungufu, iliamua kwamba sheria ya namna hiyo ni halali, na kwa jumla zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi nchini humo. Uswidi, nchi ambayo wengi huitaja kwa upole wake, iliwafunga kizazi watu wapatao 63,000 kati ya miaka ya 1930 na 1970, wengi wao wanawake, na wengi kwa kushinikizwa. Ujerumani ya Hitler ilikuja baadaye: sheria yake ilitungwa Julai 1933, watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi, na kuanzia mwaka 1939 wagonjwa wa akili na walemavu wakaanza kuuawa katika hospitali zilezile zilizopaswa kuwatunza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki mara nyingi hushangaa kusikia kwamba jambo hili lilifika Nairobi. Mwaka 1933 ilianzishwa huko jumuiya ya walowezi na madaktari waliojiita wachunguzi wa uboreshaji wa mbari. Kiongozi wao, Dkt. H. L. Gordon, alihusika na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwenzake F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliofariki, akadai kwamba ubongo wa Mwafrika mtu mzima wa Kenya ulikuwa na ukuaji wa mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Makala yake yalichapishwa mwaka 1934 katika jarida la anatomia linaloheshimika. Waliomba fedha London ili waendelee na utafiti, hawakupewa, na jumuiya ikafifia. Lakini hoja yenyewe, kwamba elimu nyingi haimfai Mwafrika kwa sababu ya ubongo wake, ilikuwa imekwisha kuvalishwa koti jeupe la maabara.

Kinachotisha katika habari hizi ni jinsi watu hao walivyokuwa wa kawaida. Walikuwa na mizani, rula, majedwali na shahada. Walipima kwa uangalifu kitu ambacho walikuwa wamekwisha kukiamulia thamani kabla ya kukipima.

Leo wanaochagua ni wazazi, si serikali. Hiyo si tofauti kubwa?

Ni tofauti kubwa, nasi tunaikubali. Lakini matakwa ya mzazi mmojammoja yakifuata mkondo mmoja hufikia palepale. Mashine ya kuangalia mtoto tumboni ilitengenezwa kwa ajili ya usalama wa mimba. Nchini India na China familia nyingi ziliitumia kuwatambua watoto wa kike na kutoa mimba zao, hadi India ikatunga sheria mwaka 1994 ya kuzuia jambo hilo. Hakuna serikali iliyowaamuru. Kila nyumba ilifanya hesabu yake kimyakimya, na leo kuna vijiji ambako vijana wa kiume hawapati wa kuoa.

Tuwafikirie pia walemavu na watu wenye ualbino, ambao katika baadhi ya sehemu za Tanzania wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Wazee wetu walikuwa na neno la kumwonya anayemcheka mlemavu: hujafa, hujaumbika. Neno hilo linachukulia kwamba umbo la kila mtu bado liko njiani, la anayecheka na la anayechekwa. Siku itakapoonekana kwamba ulemavu ni uzembe wa mzazi aliyeshindwa kulipia kipimo, neno hilo halitakuwa na mtu wa kuliambia, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo ataulizwa mbele za watu kwa nini alimwachia azaliwe.

Je, inawezekana kuchagua mtoto mrefu au mwenye akili nyingi?

Si kwa namna inayotangazwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia taarifa za watu zaidi ya milioni 5, ulipata sehemu zaidi ya 12,000 katika DNA zinazohusiana na kimo peke yake, na kimo ni kitu kinachopimwa kwa futi kamba. Akili haina hata futi ya kukubalika. Anayekuuzia mtoto mwenye akili anakuuzia kamari, naye ndiye mwenye meza.

Tena kimo kimewahi kuleta msiba. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 1985, watoto wenye upungufu wa homoni ya ukuaji walichomwa homoni iliyokamuliwa kutoka katika tezi za maiti. Baadhi ya tezi hizo zilibeba ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo polepole na usio na tiba, na zaidi ya watu 200 duniani, Ufaransa ikiwa na wengi kuliko nchi zote, wakafa kwa ugonjwa huo, wengine miongo kadhaa baada ya sindano ya mwisho.

Mkorogo nao umo katika habari hii?

Umo, ingawa hauhitaji maabara. Anayepaka mchanganyiko wenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi ili ngozi iwe nyeupe anafuata wazo lilelile kwamba mwili aliozaliwa nao ni rasimu ya kusahihishwa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba hata daktari wa upasuaji akapata shida kuishona.

Mbona chanjo nayo inapita maumbile?

Inapita, na hapa wanaotetea maumbile kwa ushupavu hujikwaa. Mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui iliyoenea kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Maumbile ndiyo yaliyotupa ndui. Chanjo ndiyo iliyoiondoa. Hakuna sababu ya kuyaabudu maumbile.

Lakini chanjo huufundisha mwili kufanya kazi ambayo tayari unaijua, hairithiwi, na kizazi kijacho kinaweza kuamua vingine. Hatusemi kwamba kilicho cha asili ni kizuri. Tunasema kwamba kilichodumu katika mwili wa binadamu kwa maelfu ya miaka huenda kina kazi tusiyoijua, na asiyeijua kazi hiyo asikikate kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa.

Dini zinasemaje?

Wanazuoni wengi wa Kiislamu na viongozi wengi wa Kikristo hutenganisha matibabu, ambayo huyaruhusu na hata kuyahimiza, na kubadili maumbile kwa ajili ya matamanio. Msemo wetu kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni faraja kwa aliyefikwa. Haufai kutumiwa kumnyima mtoto dawa.

Je, sheria zinazuia?

Baadhi. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Oviedo mwaka 1997 unazikataza nchi zilizouridhia kubadili jeni kwa nia ya kuingiza badiliko katika kizazi kinachofuata. China, baada ya aibu ya 2018, iliifanya kuwa kosa la jinai kupandikiza katika tumbo la mwanamke kiinitete kilichobadilishwa jeni, na sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 2021. Udhaifu ni kwamba mwenye fedha husafiri kwenda mahali pasipokatazwa, na kwamba nchi ambayo haina sheria mahususi inaweza kugeuka shamba la majaribio bila hata kujua.

Wale mapacha wa China wako wapi leo?

Wanafichwa, na ni haki yao kufichwa. Mtafiti wao alihukumiwa mwezi Desemba 2019 kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni 3, akatoka mwaka 2022 na kurudi kwenye kazi ya utafiti. Watoto wenyewe watatimiza miaka 18 mwaka 2036. Wakati huo watakuwa na haki ya kuambiwa walifanyiwa nini, kama bado hawajaambiwa, na kila mmoja wao akitaka kuolewa itabidi aamue kama amweleze mwenzake kwamba watoto wao wanaweza kurithi badiliko ambalo halijawahi kuonekana kwa mtu mwingine, na ambalo daktari yeyote watakayemwendea hatakuwa na mgonjwa wa awali wa kumlinganisha nao.